Kuisikiliza Merikebu: Ukaguzi na Ukarabati wa Vyombo vya Mbao katika Karne ya 19

Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa majahazi, hakuyaamini macho yake mbele ya chombo kizee. Alipoitwa kukitazama, alisubiri maji yatoke na chombo kikae juu ya mchanga, kisha akakizunguka polepole akigonga mbao kwa kisigino cha tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, sikio lake likiwa karibu na ubavu kama mtu anayenasa mazungumzo ya chumba cha pili. Ubao mzima ulijibu kwa sauti kavu na fupi. Ubao uliooza ulilimeza pigo. Penye shaka aligonga mara tatu, akatia alama kwa kipande cha mkaa, akaendelea. Mwenye jahazi alimfuata nyuma akizihesabu alama zile kimyakimya, maana kila alama ilikuwa pesa. Naye alipouliza gharama yote itakuwa kiasi gani, mjomba alimjibu kwamba hilo aliulize baada ya mbao za kwanza kutolewa, si kabla.

Nilikuwa mtoto, na jibu lile nililiona la ujanja. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma ripoti za wakaguzi wa merikebu wa karne ya 19 ambazo sasa zimewekwa mtandaoni, nilikuta watu wa nchi ya baridi, wenye makoti mazito na kalamu za wino, wakihangaika na jambo lile lile. Merikebu ya mbao haionyeshi ugonjwa wake mpaka uivunje. Ukitaka kuijua lazima uifungue, na ukishaifungua umekwisha kuanza kuikarabati, utake usitake. Ndiyo maana katika kazi hii ukaguzi na ukarabati havikuwahi kutengana vizuri, na ndiyo maana watu wenye fedha walipojaribu kuvitenganisha kwa maandishi walipata taabu ya karne nzima.

Maandishi hayo yalianzia katika mkahawa. Watoa bima wa London waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd walianzisha chama mwaka 1760 ili wapate daftari la merikebu, kwa sababu mtu aliyeombwa kuidhamini merikebu iliyoko bandari nyingine hakuwa na njia ya kuiona kwa macho yake. Katika daftari la mwanzo hali ya mwili wa merikebu iliandikwa kwa herufi A, E, I, O au U, na hali ya vifaa vyake, yaani nanga, amari, tanga na kamba, ikawa na alama yake ya pembeni, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa tarakimu. Hapo ndipo ilipozaliwa ile alama ya A1 ambayo Waingereza mpaka leo huitumia kukisifu hata kisichojua bahari.

Kasoro ya mpango huo ilikuwa katika kutazama zaidi umri na mahali pa kuzaliwa. Merikebu iliyoundwa kwenye Mto Thames ilipewa heshima ya miaka mingi kuliko iliyoundwa kaskazini mwa Uingereza au ng'ambo, na miaka hiyo ikiisha ilishushwa daraja hata kama mwenyewe aliitunza kama mboni ya jicho lake. Matajiri wa merikebu walikasirika, na mwaka 1799 wakatoa daftari lao wenyewe, likaitwa Kitabu Chekundu, likishindana na Kitabu cha Kijani cha watoa bima. Kwa zaidi ya miaka 30 Uingereza ilikuwa na madaftari mawili yasiyokubaliana, mpaka uhasama ulipozifilisi pande zote mbili na zikaungana mwaka 1834 chini ya jina la Lloyd's Register of British and Foreign Shipping.

Kanuni za 1834 ndizo ninazoziona kuwa mapinduzi halisi, ingawa zinasomeka kama orodha ya duka la mbao. Sasa merikebu ilipewa muda wake katika daraja la A kwa kutazama imeundwa kwa mti gani, unene gani, na imefungwa kwa misumari ya aina gani. Mwaloni wa Uingereza na msaji wa India vilikaa juu ya orodha, na merikebu ya mbao bora ilipata miaka 12. Misonobari laini ilipata michache. Muda ukiisha, mwenye merikebu hakuhukumiwa moja kwa moja. Aliweza kuomba merikebu ifunguliwe, ikaguliwe na kukarabatiwa, kisha irudishiwe sehemu ya miaka yake. Kwa maneno mengine, uzee ukaacha kuwa tarehe ukawa hali ya mbao. Mtu wa pwani atashangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kamati, lakini nchi iliyokuwa na maelfu ya merikebu na watoa bima wasiowahi kushika tezo haikuwa na njia nyingine.

Mkaguzi alifanya nini hasa? Kwa merikebu mpya alitakiwa kuja kiunzini zaidi ya mara moja: mataruma, yaani mbavu za chombo, yakiwa yamesimama na mbao za ubavuni hazijapigiliwa, kisha boriti zikiwa zimewekwa na sitaha haijafunikwa, na mwisho chombo kikiwa kimekamilika. Mpangilio huo ulitokana na hekima ya kawaida kabisa, kwamba kila hatua ya uundaji huificha hatua iliyotangulia. Taruma lenye nyufa au lenye mti mweupe wa nje usiokomaa likishafunikwa kwa mbao ndani na nje, hakuna atakayeliona tena kwa miaka kumi.

Kwa merikebu kuukuu kazi ilikuwa nzito zaidi, na hapa ndipo ninapomkumbuka mjomba. Mkaguzi aligonga kwa nyundo na kusikiliza. Alichomeka patasi. Alitoboa kwa keekee na kuyatazama machicha yanayotoka: makavu na yenye harufu ya mti ni heri; yenye unyevu, rangi ya kahawia na kuvurugika kama ugoro, ni shari. Aliagiza misumari ya mti, yaani vile vigingi virefu vilivyofunga mbao kwenye mataruma, ing'olewe mahali mahali, kwa kuwa tundu la msumari ni dirisha dogo la kuchungulia moyo wa taruma. Aliagiza bolti za chuma zipigwe zitoke, kwani bolti iliyo nene kichwani mara nyingi imeliwa katikati ikawa nyembamba kama kalamu, na asidi iliyomo ndani ya mwaloni huuharakisha uharibifu huo. Na kwa merikebu iliyoomba kurudishiwa daraja, mbao ziliondolewa safu nzima, mbele hadi nyuma, ili mataruma yote yaonekane yamejipanga kama mbavu za samaki aliyeliwa upande mmoja.

Alijua pia pa kuanzia. Watu wengi hudhani mbao huozeshwa na bahari, kumbe adui mkubwa ni maji matamu. Maji ya chumvi huihifadhi mbao. Mvua ndiyo inayoiua. Inapenya kwenye ukingo wa sitaha, inateremka vichwani mwa mataruma, inatuama pembeni mwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, ambako upepo haupiti, na hapo kuvu inaota gizani. Kwa hiyo mkaguzi mzoefu hakupoteza muda mwingi na mbao zilizo chini ya maji. Alikwenda kwanza kunusa pembe za juu zilizofungiwa. Wenye merikebu nao walijua, na baadhi yao walijaza chumvi katika nafasi zilizoko baina ya mataruma, wakaongeza tena kila ilipoyeyuka.

Mfano wa aibu kuliko yote ni wa HMS Queen Charlotte, merikebu kubwa ya vita iliyoshushwa majini Deptford mwaka 1810. Kabla haijapata kutumika vitani iligundulika kwamba imeoza. Vita vya Napoleon vilikuwa vimewaharakisha waundaji, mbao mbichi zilitumika, mwili ukafungwa bila hewa, na kuvu ikafanya karamu. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba aliitwa mtaalamu wa mimea, James Sowerby, aje kuzitambua aina za kuvu zilizokuwa zikiota ndani yake. Nikiwaza mchoraji wa maua akishuka ngamani na taa, akiorodhesha uyoga katika chombo cha mfalme ambacho hakijawahi kupiga mzinga, huwa nacheka, kisha nakumbuka kwamba mabaharia mamia walikuwa wapangiwe humo.

Chini ya mstari wa maji adui alikuwa mwingine, naye tunamjua vizuri pwani yetu: yule mnyoo wa baharini, ambaye kwa hakika ni jamaa ya chaza, anayetoboa mbao kwa ndani huku nje akiacha tundu dogo la kuingilia. Mafundi wetu walimkabili kwa kukitoa chombo majini mara kwa mara, kukichoma kwa moto wa makuti, kisha kukipaka deheni ya chokaa na mafuta ya mnyama. Dawa hiyo ni nzuri kwa jahazi linaloweza kupwelewa ufukweni kila baada ya miezi michache. Haimfai mtu anayekwenda India na kurudi bila kuuona mkuku wake, ule uti wa chini wa chombo, kwa mwaka mzima.

Wanamaji wa Uingereza walichagua kuuvisha mwili wa chini mabamba ya shaba. Jaribio la kwanza lilifanywa kwenye HMS Alarm mwaka 1761, na mnyoo akashindwa, lakini bolti za chuma zilizogusana na shaba ndani ya maji ya chumvi zililiwa kwa kasi ya kutisha. Ilibidi bolti za sehemu za chini zigeuzwe kuwa za shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mwaka 1824 Sir Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, alilijia tatizo jingine, kwamba shaba yenyewe huliwa na bahari na lazima ibadilishwe. Alipachika vipande vya chuma juu ya mabamba ya shaba ili bahari ile chuma na kuiacha shaba. Nadharia yake ilikuwa sahihi kabisa. Shaba haikuliwa tena. Ila kumbe shaba ilikuwa ikiwafukuza viumbe wa baharini kwa sababu ile ile ya kuliwa kidogo kidogo, na ilipopona, konokono na majani vikaota juu yake, merikebu zikawa nzito kama zimefungwa mawe. Vipande vikaondolewa. Sijui kisa kingine kinachoonyesha waziwazi kiasi hiki jinsi mtu anavyoweza kulijibu swali vizuri mno na bado akaharibu safari. Ahueni ya gharama ililetwa na George Frederick Muntz wa Birmingham, ambaye mwaka 1832 alisajili mchanganyiko wa shaba kwa asilimia 60 hivi na zinki kwa 40, wa bei nafuu, na wafanyabiashara wakaupokea haraka.

Kwa mkaguzi, hata hivyo, shaba ilikuwa nguo inayoficha mwili. Ili kuiona mbao ilibidi kuivua, na ili kuivua ilibidi kwanza kuupata mkuku nje ya maji. Pwani yetu ina bahari inayopanda na kushuka kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, kwa hiyo Mungu ametupa gudi, yaani mahali pa kukikalisha chombo pakavu, la bure mara mbili kwa mwezi. Merikebu ya tani mia kadhaa, yenye mkuku mrefu, haiwezi kulazwa ovyo juu ya mchanga. Pasipokuwa na gudi la mawe, iliondolewa shehena, mizinga na milingoti ya juu, ikafungwa kando ya gati, ikavutwa kwa kapi na kamba nene kutoka kwenye milingoti ya chini mpaka ikalala ubavu na mkuku ukachungulia juu ya maji. Upande mmoja ukikamilika, iligeuzwa. Kazi hiyo iliitesa milingoti na mwili wote, na ilitaka uangalifu, kwani hata kuinamisha kidogo tu kuliweza kuleta maafa: HMS Royal George ilipoinamishwa kwa matengenezo madogo huko Spithead mwezi Agosti 1782, maji yaliingia kwenye madirisha ya mizinga na watu zaidi ya 800 wakafa karibu na nchi kavu.

Gudi lilikuwa salama zaidi, lakini nalo lilifichua ugonjwa wa mgongo. Merikebu ya mbao ni nene katikati na nyembamba kwenye omo na tezi, na uzito wa ncha hizo hauungwi mkono sawasawa na maji, kwa hiyo kadiri miaka inavyopita ncha huinama na katikati hupanda, mkuku ukajipinda kama upinde. Mafundi waliweka alama tatu kwenye mstari mmoja ndani ya merikebu ikiwa bado inaelea, na baada ya kuikalisha gudini walitazama tena kuona ile ya katikati imehama kiasi gani. Robert Seppings, fundi mkuu wa karakana ya wanamaji ya Chatham, ndiye aliyelijibu tatizo hilo vizuri zaidi. Alisema merikebu za zamani zimeundwa kama lango la shamba lenye miti ya wima na ya ulalo bila mti wa mshazari, kwa hiyo lazima lilegee. Mwaka 1811, katika ukarabati mkubwa wa HMS Tremendous, alipachika boriti za mshazari ndani ya mwili wake, na ilipoelea tena karibu haikupinda. Angalia kwamba uvumbuzi huo ulifanywa juu ya merikebu kuukuu iliyokuwa imefunguliwa kwa matengenezo, si juu ya karatasi ya merikebu mpya.

Kuhusu kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao maji yasiingie, nitasema machache, maana msomaji aliyepita Lamu au Malindi ya Unguja ameisikia sauti yake. Sisi tulitumia pamba iliyoloweshwa mafuta. Waingereza walitumia nyuzi za kamba kuukuu za katani, zilizochambuliwa kwa vidole na wafungwa na maskini katika nyumba za kazi, zikasokotwa, zikapigwa ndani ya viungo kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha zikafunikwa kwa lami ya moto. Hatari yake ilijulikana na kila fundi mwenye dhamiri: chombo kilichooza kinapovuja, ni rahisi kukikalafati zaidi na zaidi, na kila pigo linazisukuma mbao mbali na misumari iliyolegea. Mkaguzi aliyekuta viungo vinene mno, vipya mno, juu ya mbao za zamani, hakusifu kazi, alizidi kushuku.

Haya yote yananirudisha kwenye merikebu moja ambayo watu wa Zanzibar wanaijua kwa jina. Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, ikitoka Zanzibar kwa amri ya Seyyid Said, chini ya Ahmad bin Naaman. Ilibeba pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, tende, kahawa na ngozi, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Magazeti ya mji yalijaa habari za vilemba na kanzu za mabaharia. Mimi nikizisoma natamani waandishi wale wangeinama kidogo wakatazama chini ya maji, kwa sababu merikebu ilikuwa imechoka, na jambo lililofuata lina uzito kuliko farasi: serikali ya Marekani iliamua kuikarabati bure katika karakana yake ya majini ya Brooklyn.

Zawadi ya namna hiyo si ya kuchezea. Kuahidi kuikarabati merikebu ya mbao ni kama kumwambia mgeni ale ashibe kabla hujaijua njaa yake. Na Brooklyn haikuwa na gudi. La kwanza lilianza kujengwa mwaka 1841 na kukamilika 1851, wakati magudi mawili ya mawe ya wanamaji wa nchi hiyo, Charlestown na Gosport, yalikuwa yameanza kazi mwaka 1833. Mafundi wa pale waliishughulikia merikebu ya msaji iliyotoka mkono mwingine kabisa wa ufundi, mkono wa Waparsi wa Bombay, ambao kazi yao Waingereza walikuwa wamekwisha kuikubali kuwa bora. HMS Trincomalee, iliyoundwa Bombay kwa msaji na kushushwa majini 1817, bado inaelea Hartlepool. Na Seyyid Said mwenyewe alikuwa amempa Mfalme William wa Nne merikebu yake ya mizinga 74, iitwayo Liverpool, iliyoundwa hapo hapo Bombay mwaka 1826. Waingereza wakaiita Imaum. Sultana iliondoka New York mwezi Agosti, zaidi ya miezi mitatu baada ya kuwasili, ikiwa imepata matengenezo makubwa. Katika vitabu vyetu safari hii husimuliwa kama habari ya ubalozi. Nadhani ni haki pia kuisimulia kama habari ya maseremala.

Kazi ya Lloyd's Register ilibaki ya hiari kwa sehemu kubwa ya karne. Daraja lilikuwa la kumridhisha mtoa bima, na mwenye merikebu mbovu aliyeikatia bima ya kutosha hakulazimishwa na mtu kumwita mkaguzi. Kelele za mbunge Samuel Plimsoll ndizo zilizoleta sheria za miaka ya 1870, hasa ile ya 1876, ambazo ziliipa serikali nguvu ya kuizuia bandarini merikebu isiyofaa kusafiri. Lakini wakati huo chuma kilikuwa kimekwisha kuingia, na baina ya mbao na chuma kulikuwa na kizazi cha mseto, chenye mataruma ya chuma na mbao za nje za msaji zilizovishwa mabamba ya Muntz.

Cutty Sark ya mwaka 1869, iliyoundwa Dumbarton, ni ya kizazi hicho, nayo ilitakiwa ipate A1 ya miaka 16. Imepita miaka zaidi ya 150. Mafundi wa Greenwich, London, inakohifadhiwa, walipoanza kuifungua mwaka 2006, kilichohitaji tiba zaidi kilikuwa chuma, mataruma yaliyoliwa na chumvi. Mbao nyingi zilitolewa, zikapewa namba, zikapelekwa kwingine kutazamwa moja moja. Ndiyo sababu moto ulipozuka ndani ya merikebu tarehe 21 Mei 2007, zilikuwa hazipo.